Presha ya macho: leza inafanya nini, na nini haiwezi kufanya

Kila tukigusa habari za macho kwenye kipindi cha afya, simu ya studio hujaa ujumbe, na mwingi una swali lilelile. Je, ni kweli kuna mwanga unaopigwa kwenye jicho mara moja, presha ya macho ikashuka, na mtu akaachana na dawa ya matone? Wengine wameambiwa hospitalini, wakaomba kwanza wakajadiliane na familia. Wengine wamesikia kwa jirani, na jirani naye alisikia kwa shemeji yake. Dakika za redioni hazitoshi kulieleza jambo hili mpaka likaeleweka, kwa hiyo tumeliandika hapa ulisome kwa nafasi yako, au umsomee mzee nyumbani ambaye maandishi ya simu yanamshinda.

Jibu fupi ni ndiyo, mwanga huo upo. Unaitwa leza, na utafiti muhimu ulioonyesha unavyowafaa watu wa kwetu ulifanyika hapa Moshi, katika hospitali ya KCMC. Tutaufikia. Lakini kuna jambo tunaomba ulishike kabla ya kuendelea: leza hii hairudishi uwezo wa kuona uliokwisha kupotea. Inalinda ule uliobaki. Anayekwenda akitegemea kutoka pale anaona vizuri kuliko alivyoingia atarudi nyumbani amekasirika, na huenda asirudi tena kliniki. Hapo ndipo hatari ilipo.

Presha ya macho ni ipi?

Si presha ya damu. Kile kitambaa cha kufunga mkononi hakipimi jicho, na mtu anaweza kuwa na presha ya damu nzuri kabisa huku ya macho iko juu.

Ndani ya jicho, sehemu ya mbele, kuna majimaji safi yanayotengenezwa usiku na mchana. Usiyachanganye na machozi. Machozi yako nje. Majimaji haya hulisha sehemu za jicho ambazo hazina mishipa ya damu, kisha hutoka kupitia chujio dogo lililojificha pembeni kwa ndani, karibu na pale weusi wa jicho unapokutana na weupe. Yanayotengenezwa yakiwa sawa na yanayotoka, jicho linatulia.

Wasikilizaji wetu wa mlimani wanaujua mfongo. Maji yanashuka kutoka juu, kila shamba na zamu yake. Majani na tope vikiziba njia, maji hayaachi kuja, yanajaa. Mfongo ukifurika unamwagikia shamba la mtu, mnagombana, mnaitana kwa mwenyekiti wa kitongoji, yanaisha. Jicho halina pa kumwagikia. Limefungwa pande zote kama mpira. Chujio likizeeka na kuziba, presha inapanda, na huo mgandamizo unaumiza mshipa wa fahamu ulio nyuma ya jicho, ule unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa huo una nyuzi zipatazo milioni moja. Zinakufa taratibu, na zikifa haziwezi kuota tena. Ugonjwa huo ndio unaoitwa glakoma.

Kwa kawaida presha ya jicho huwa kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki. Hata hivyo namba peke yake haitoshi. Wapo watu wenye 24 ambao mshipa wao ni mzima, na wapo wenye 18 ambao mshipa unaendelea kuliwa. Ndiyo maana daktari wa macho hapimi presha tu akakuruhusu uende. Anamulika nyuma ya jicho auone mshipa wenyewe, na anapima upana wa kuona kwako.

Huo upana ndio unaoibiwa kwanza. Glakoma ya aina iliyo ya kawaida zaidi kwetu haiumi, haiwashi, haitoi tongotongo. Inaanza kula pembeni. Mtu anajigonga bega kwenye fremu ya mlango, anakanyaga kuku ambaye kila mtu amemwona, anasalimiwa na mtu wa ubavuni anashtuka. Katikati bado anaona, anahesabu fedha zake bila shida, kwa hiyo anasema ni uzee. Tena jicho moja humfichia mwenzake aibu: la kulia likiharibika, la kushoto linabeba mzigo, na mtu hajui mpaka siku atakapofumba lile zima kwa bahati tu. Wengi wa kwetu hufika hospitali siku hiyo, jicho moja likiwa limekwisha.

Hapa pia ndipo mtaani watu wanapochanganya mambo. Mzee mmoja ana mtoto wa jicho, anafanyiwa upasuaji, kesho yake anawatambua wajukuu. Mwenzake aliyekaa naye kwenye benchi moja ana glakoma, anatibiwa, na anarudi akiona vilevile. Kijijini wanahitimisha kwamba wa pili katibiwa vibaya. Hapana. Ni magonjwa mawili tofauti. Kwa mwenye glakoma, kuona vilevile baada ya miaka mitano ndiyo matibabu yaliyofanikiwa.

Glakoma inawapata zaidi watu waliovuka miaka 40, watu wenye asili ya Afrika, na watu ambao mzazi au ndugu wa tumbo moja anayo. Kama mama yako alipofuka "kwa uzee" na hakuna aliyejua sababu, wewe na ndugu zako mna kila sababu ya kwenda kupimwa. Na tuseme hili kwa sauti, maana tunaliona sana huku: kuna dawa za matone za kutuliza macho yanayowasha zenye steroidi ndani yake, kama deksamethasoni. Zinatuliza haraka, na watu wanazirudia dukani mwezi baada ya mwezi bila cheti cha daktari. Kwa baadhi ya watu, watoto wakiwamo, dawa hizo hupandisha presha ya macho na kuleta glakoma yenyewe.

Matone ya kila siku

Kitu pekee tunachoweza kukishusha katika ugonjwa huu ni presha, na kwa miaka mingi njia ya kwanza imekuwa dawa ya matone. Inayojulikana zaidi kwetu ni timolol. Inapunguza majimaji yanayotengenezwa, na ikitumiwa vizuri inasaidia kweli. Hatutaki mtu asome makala hii kisha akatupe chupa yake.

Shida ni hayo maneno "ikitumiwa vizuri". Mara nyingi ni asubuhi na jioni, kila siku, maisha yote, kwa ugonjwa usiouma. Ukiruka wiki nzima hutasikia chochote, jicho halitalalamika. Chupa inaisha katikati ya mwezi kwa sababu mkono unatetemeka na matone mawili kati ya matatu yanaangukia shavuni. Duka la dawa la karibu halina, la mjini linayo, na mjini ni nauli. Msimu wa ada za shule ukifika, tunajua sote ni kitu gani kinaahirishwa.

Na timolol ina tahadhari yake. Tone la jichoni hupitia tundu la machozi, likaingia puani na hatimaye kwenye damu. Kwa mwenye pumu linaweza kubana kifua vibaya, na kwa mwenye mapigo ya moyo ya taratibu linaweza kuyapunguza zaidi. Kama una pumu, mwambie daktari kabla hajaandika chochote, hata kama hajauliza. Kwa wote wanaotumia, baada ya kudondosha fumba jicho na ubane kwa kidole kona ya ndani, kando ya pua, kama dakika mbili. Dawa inabaki pale inapotakiwa.

Leza yenyewe ikoje

Neno linalowatisha watu ni "mionzi". Wakisikia mionzi wanawaza Ocean Road na matibabu ya saratani, au picha ya eksirei. Leza ni mwanga. Hii tunayoizungumzia ni mwanga wa kijani, unaopigwa kwa vipigo vifupi sana, kila kimoja kikichukua sehemu tatu za bilioni ya sekunde, na kugusa eneo lisilofika nusu milimita. Kwa kifupi madaktari huiita SLT. Ilibuniwa Marekani miaka ya 1990, na ikaruhusiwa kutumika huko mwaka 2001.

Leza iliyokuwapo kabla yake ilikuwa inaunguza chujio na kuacha makovu, kwa hiyo haikuwa rahisi kuirudia. SLT inafanya kazi kwa namna nyingine. Nguvu yake inachukuliwa na chembe zenye rangi nyeusi ndani ya chujio, na muda ni mfupi kiasi kwamba joto halipati nafasi ya kusambaa kwa majirani zake. Haitoboi tundu. Inachofanya ni kuushtua mwili. Chembe zilizoguswa zinatoa ishara, chembe za usafi za mwili zinakuja kuondoa takataka, na chujio linaanza kupitisha majimaji vizuri zaidi. Upareni tungesema leza imepiga baragumu la msaragambo. Wanaofukua mfereji ni wenyeji wenyewe.

Ndiyo maana matokeo hayaji siku hiyohiyo. Inachukua wiki nne hadi sita kuiona kazi yake yote. Aliyepimwa kesho yake akaambiwa presha bado iko juu asikate tamaa.

Siku yenyewe haina mambo mengi. Unakaa kwenye kiti mbele ya mashine inayofanana na ile ya kupimia macho, unaweka kidevu chako mahali pake. Unadondoshewa dawa ya ganzi; hakuna sindano. Daktari anakuwekea lenzi maalumu juu ya jicho ili aweze kuliona lile chujio la pembeni, ambalo bila lenzi halionekani. Utaona mimweko ya kijani na kusikia mashine ikitoa mlio mdogo, tik, tik, takriban mara mia moja kuzunguka jicho zima. Kwa jicho moja ni dakika tano hadi kumi. Wengi husema wamehisi kuchomachoma kidogo, au hawakuhisi kitu. Hakuna kisu, hakuna kushonwa, na hulazwi.

Baadaye unaombwa usubiri, mara nyingi saa moja hivi, upimwe tena. Usiondoke kimyakimya kuwahi gari. Kwa baadhi ya watu presha hupanda ghafla baada ya leza kabla ya kushuka, na ikionekana mapema inatulizwa kwa dawa. Macho yetu Waafrika aghalabu yana rangi nyingi ndani, na kwenye chujio lenye rangi nyingi daktari mzoefu hupunguza nguvu ya mashine kwa sababu hiyohiyo. Jicho kuwa jekundu, kuogopa mwanga na kuuma kidogo kwa siku chache ni kawaida. Maumivu makali, au kuona kunakozidi kufifia, si kawaida. Rudi.

Walichokipata Moshi

Kwa muda mrefu ushahidi mwingi kuhusu leza hii ulitoka nchi za mbali. Uingereza, kwa mfano, utafiti wa wagonjwa 718 uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kati ya walioanza na leza, karibu robo tatu walikuwa wanaishi bila matone miaka mitatu baadaye, na presha yao iko pale inapotakiwa. Mwaka 2022 mwongozo wa matibabu wa huko ukabadilishwa, leza ikawa ya kuanza nayo. Lakini wagonjwa wa huko wengi hugunduliwa mapema. Sisi tunafika tumechelewa. Je, leza ingetufaa na sisi?

Swali hilo ndilo lililojibiwa KCMC. Kati ya mwaka 2015 na 2017 waliandikishwa wagonjwa 201 wenye glakoma, jumla ya macho 382. Kwa kupangwa kwa bahati nasibu, karibu nusu walipewa timolol na waliobaki wakapigwa leza. Wa matone, ikionekana inafaa, walifundishwa upya mara moja namna ya kudondosha. Wa leza waliruhusiwa kurudiwa mara moja. Kila jicho liliwekewa lengo la presha kulingana na ugonjwa ulivyokwenda mbali.

Baada ya mwaka mmoja, upande wa timolol macho 55 kati ya 176 yaliyopimwa yalikuwa yamefikia lengo. Upande wa leza, macho 99 kati ya 163. Yaani asilimia 31 kwa 61. Kwa lugha ya sokoni, katika kila macho kumi matone yalifikisha matatu na leza ikafikisha sita. Madhara hayakuzidi upande wa leza. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la The Lancet Global Health, na yamesomwa na madaktari wa macho duniani kote. Yalitoka kwa watu wa kwetu, na tunaona ni haki yao wajue mchango wao umefika wapi.

Sasa zitazame tena namba hizo kwa upande wa pili. Macho manne kati ya kumi yaliyopigwa leza hayakufikia lengo. Hayo yanahitaji kitu kingine: matone ya kuongeza, au upasuaji wa kufungua njia mpya ya majimaji. Na hata kwa sita yaliyofaulu, nguvu ya leza hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Mwingine itamkaa mwaka mmoja, mwingine miaka kadhaa, na mara nyingi inaweza kurudiwa. Kwa hiyo maoni yetu ni haya: kwa mkulima anayepanda magari mawili kufika hospitali, na ambaye chupa ya dawa huisha kabla ya pesa kupatikana, leza ni bora kuliko matone anayoyatumia nusunusu. Lakini akiifanya kisha akapotea miaka mitatu kwa kudhani amepona, hatujui tumsaidieje. Jicho lake halitamwambia kitu.

Haimfai kila mtu. Kuna glakoma ambayo njia ya kufika kwenye chujio imejifunga yenyewe. Hiyo mara nyingine huja kwa maumivu makali, kichwa kuuma, kutapika, na kuona duara za rangi kwenye taa. Hiyo ni ya kukimbiza hospitali usiku huohuo, na leza yake ni nyingine, ile inayotoboa kitundu kidogo ndani. Ipo pia leza ya kupunguza utengenezaji wa majimaji, ambayo hutumika zaidi ugonjwa ukiwa umekwenda mbali. Kwa hiyo jirani akikuambia "mimi nilipigwa leza", muulize ni ya nini kabla hujalinganisha yake na yako.

Kama umeshaambiwa una presha ya macho, siku ya kliniki uliza maneno haya: glakoma yangu njia iko wazi au imefunga? Lengo la presha yangu ni ngapi? Leza ya SLT inanifaa, na kama haipo hapa, mnanipa rufaa kwenda wapi? Gharama yake ni kiasi gani, na bima yangu inalipa? Bei hutofautiana hospitali na hospitali, kwa hiyo piga simu kwanza kabla ya kupanda gari. Kama unatumia matone, usiyaache siku ya leza wala wiki inayofuata mpaka daktari mwenyewe akuambie uache.

Kama hujawahi kupimwa na umevuka 40, anza na hospitali ya wilaya, kwenye kitengo cha macho. Sema wazi kwamba unataka kupimwa glakoma, la sivyo utapimiwa miwani ya kusomea na kuruhusiwa. Beba chupa ya kila dawa ya macho uliyowahi kutumia, hata kama imekwisha, na uwe na mtu wa kukushika mkono wakati wa kurudi. Watakudondoshea dawa ya kutanua mboni ili waone mshipa wa nyuma, na kwa saa chache jua litakuwa kali na ngazi za daladala hazitaonekana vizuri.